Kuimba Mamoja na Makumi Si Kujua Hesabu

Naandika maneno haya juu ya hesabu ya watoto wadogo, nami najua kwamba walimu wenzangu wengi hawatayapenda. Na wasiyapende; hata mimi siyapendi, maana lawama yake yaanzia mlangoni pangu. Neno lenyewe ni hili: twawafundisha watoto kuandika hesabu kubwa kabla hawajajua kumi ni nini. Twawaimbisha "mamoja, makumi, mamia, maelfu" kama kasuku. Wazazi wapitao njiani husikia wimbo ule wakafurahi, mkaguzi akija hutia alama njema, na mtoto hutoka mikononi mwetu asijue kwa nini ile 2 iliyo katika 26 si mbili.

Asiyesadiki na afanye jaribu dogo jioni hii nyumbani kwake. Mwite mtoto wa darasa la pili au la tatu, mpe vijiti ishirini na sita avihesabu, kisha mwambie aandike hesabu yake mchangani. Ataandika 26, vizuri kabisa. Sasa weka kidole juu ya 6, umwulize, "Tarakimu hii yaonyesha vijiti vipi?" Atatenga vijiti sita. Weka kidole juu ya 2, umwulize vile vile. Watoto wengi watatenga vijiti viwili. Vijiti kumi na vinane vitabaki pale chini kama yatima, na mtoto hataona kasoro yo yote. Nimelifanya jaribu hili mara nyingi, tena kwa watoto walioshika nafasi za mbele katika mtihani, wala si kwa wazito tu.

Lakini kilichoniamsha mimi hakikuwa jaribu, kilikuwa karatasi. Katika kijiji chetu watu wengi huishi kwa machungwa, na wakati wa mavuno wachuuzi huja na magari yao kutoka mjini. Mama mmoja mjane aliuza machungwa yake kwa mchuuzi, akalipwa sehemu ya fedha, zikabaki shilingi elfu arobaini na nane za kulipwa baada ya wiki mbili. Mama yule hajui kuandika. Basi akamwita mwanawe, mtoto wa darasa la nne, aandike lile baki katika karatasi ili mchuuzi atie sahihi. Mtoto akaandika 40008. Akasoma kwa sauti, "Elfu arobaini na nane." Mama akasikia kuwa ni sawa, jirani aliyekuwa shahidi akasikia kuwa ni sawa, na mchuuzi naye akatia sahihi bila neno.

Angalieni jinsi kosa hili lilivyojificha. Masikio hayawezi kulitambua hata kidogo, kwa kuwa 48,000 na 40,008 husomwa kwa maneno yale yale. Wiki mbili zikapita, mchuuzi akarudi, akahesabu shilingi elfu arobaini mezani, akasema, "Zile nane nisamehe, Mama, maana sarafu ya shilingi nane haiko duniani." Pakawa na kelele nyingi. Mzee wa kitongoji akauliza, ni machungwa gani yaliyopata kuuzwa hata yakaacha baki ya shilingi nane? Swali lile lilikuwa jema, lakini mchuuzi akainua karatasi, akawaonyesha mwandiko wa mtoto wa nyumba ile ile, kisha akapanda gari lake. Hivyo mama yule akapoteza shilingi 8,000, na mtoto akachapwa usiku ule kwa ajili ya machungwa ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuyachuma.

Kwamba mchuuzi yule ni mwizi, sibishani. Lakini mwizi huingia pale alipoachiwa mlango, na mlango huu niliuacha wazi mimi. Mtoto yule alikuwa mwanafunzi wangu tangu darasa la kwanza. Nilipoyafunua madaftari yake ya zamani nikaona mkono wangu mwenyewe: vyema, vyema, vyema. "Katika 347 tarakimu ya makumi ni ipi?" Akajibu 4, nikatia vyema. Wala sikumwuliza hata siku moja ile 4 ni vitu vingapi.

Tena namkumbuka mtoto mwingine, msichana, miaka mingi kabla ya huyu. Nilisoma "mia tatu na tano" ili waandike, naye akaandika 3005. Nilimchapa kiganjani, nikamwambia hana akili. Leo naona kwamba katika darasa lile ni mimi niliyekosa akili. Alisikia "mia tatu", akaandika 300. Akasikia "na tano", akaandika 5 kando yake. Alikuwa mwandishi mwaminifu wa maneno yangu. Asiye na kitu cha kushika mkononi hana ila maneno, naye atayaandika kama alivyoyasikia. Na yule wa 40008 alifanya vivyo hivyo.

Tena maneno yetu yana mitego yake. Mia mbili ni 200, lakini mia na mbili ni 102. Kineno kidogo "na" chahamisha mali ya mtu. Kanisani petu kijana anayetundika nambari za nyimbo aliwahi kuambiwa mia na mbili, akatundika 200. Waimbaji wakaanza wimbo wao, na watu wengine wote wakawa wanapekua vitabu wakitazamana. Hapo tulicheka. Katika karatasi ya deni hakuna aliyecheka.

Yafaa pia tukumbuke kwamba jambo hili tunalolitupa mbele ya mtoto wa miaka saba kana kwamba ni jepesi, liliwachukua watu wazima karne nyingi. Warumi wa kale, waliojenga barabara na madaraja yaliyo imara hata leo, waliandika 48 kwa herufi sita, XLVIII, wala hawakuwa na alama ya nafasi tupu. Tarakimu zetu zilitoka Bara Hindi. Mwaka 628 Brahmagupta wa huko aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri. Katika karne ya 9 al-Khwarizmi, mtaalamu wa Baghdad, akaandika kitabu cha kuhesabu kwa tarakimu zile za Kihindi. Na mwaka 1202 Leonardo wa Pisa akawaeleza Wataliani katika kitabu chake kiitwacho Liber Abaci. Walakini baada ya hayo yote, mwaka 1299, chama cha wabadili fedha cha Florence kiliwakataza watu wake kuandika vitabu vyao vya hesabu kwa tarakimu hizo. Hao walikuwa mabwana wa fedha, nao walisitasita. Nasi twampa mtoto jambo hilo juma moja, na juma la pili twamwita mjinga.

Na sifuri yenyewe! Twawaambia watoto kwamba "sifuri si kitu". Neno hili asili yake ni la Kiarabu, na maana yake ni tupu, kama chungu kilivyo kitupu. Chungu kitupu ni chungu. Hukaa mahali pake jikoni, na chungu kingine hakiwezi kukaa hapo. Mtoto aliyeambiwa kwamba sifuri si kitu atafanya lililo haki yake: ataiacha, aandike 35 badala ya 305, kwa maana ni nani aandikaye kisicho kitu?

Sasa nitasema juu ya majina ya makumi, ingawa najua msanifu wa lugha ataninunia. Kiswahili ni chema sana kutoka kumi na moja hata kumi na tisa: mtoto asikia kumi, na asikia kilichozidi. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo, maana 11 na 12 zao zina majina ambayo kumi haisikiki ndani yake. Lakini tufikapo ishirini, sisi nasi twaingia gizani. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, themanini: majina haya tuliyapokea kutoka Kiarabu, lakini mbili, tatu, nne, tano na nane tulibaki nazo za kwetu. Kwa hiyo mtoto hasikii mbili katika ishirini, wala tatu katika thelathini, wala nane katika themanini. Katika sitini, sabini na tisini asikia undugu kidogo, kwa sababu sita, saba na tisa nazo zilitoka Kiarabu. Waganda husema amakumi abiri na amakumi asatu. Wanyarwanda husema makumyabiri. Wachina nao husema mbili-kumi, tatu-kumi. Jina lenyewe lamfundisha mtoto kabla mwalimu hajafika.

Basi katika mwaka wa kwanza nawaambia watoto wangu waseme majina yote mawili pamoja: "makumi matatu na tano, yaani thelathini na tano." Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba hicho si Kiswahili sanifu. Nikamjibu kwamba 40008 nayo si hesabu sanifu. Sitaki tuache thelathini. Nataka mtoto ajue ndani yake mna nini.

Je, tufanyeje? Sileti jambo la ajabu, wala halihitaji fedha. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto huko Rome mwaka 1907, alitumia shanga: shanga moja, ufito wa shanga kumi, mraba wa shanga mia, na mchemraba wa shanga elfu. Sisi tuna vijiti vya chelewa na mabua ya mtama, na kamba ya mgomba haiuzwi. Mtoto na ahesabu vijiti kumi, avifunge kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ni fungu. Nasema kwa mkono wake mwenyewe, maana fungu alilolifunga mwalimu ni kitu kingine tu kwa mtoto, ila alilolifunga yeye ajua kwamba ndani yake mna kumi, kwa kuwa vidole vyake vyakumbuka. Mafungu kumi ayafunge pamoja kama tita la kuni. Hilo ni mia. Ukimwambia akuletee vijiti mia mbili na kumi na nne, ataleta matita mawili, fungu moja na vijiti vinne. Hapo hajaandika tarakimu hata moja, lakini yu mbele kuliko mwenziwe ajazaye daftari.

Kazi hii isiwe ya siku mbili. Mimi huikalia muhula mzima, kufunga na kufungua, kufunga na kufungua, hata watoto wenyewe waone uchovu wa kuhesabu kimoja kimoja na kuomba ruhusa ya kuhesabu kwa mafungu. Siku wanapoomba hivyo ndipo somo limeingia.

Baadaye twatoka uani, twachimba mashimo matatu mchangani kwa mstari, kama mashimo ya bao, nasi twatumia komwe. Hapa pana jambo jipya, na ni gumu kuliko la kwanza. Fungu la vijiti huonekana kuwa kubwa. Lakini komwe zote ni sawa, na komwe moja katika shimo la kulia ni moja, katika shimo la kati ni kumi, katika shimo la kushoto ni mia. Kitu ni kile kile, mahali ndipo pameibadili thamani yake. Shimo la kulia likifikia komwe kumi, mtoto azitoa zote na kuweka komwe moja katika shimo linalofuata. Wachezaji wa bao watabisha na kuuliza komwe tisa zimekwenda wapi! Ni swali jema, na mwalimu asilipite mbio. Arudishe vijiti, afunge fungu mbele yao, aliweke juu ya ile komwe moja. (Tena watoto wote wakae upande mmoja wa mashimo. Mwaka wa kwanza niliwaketisha kwa duara, na waliokuwa ng'ambo wakasoma 53 pale wenzao waliposoma 35. Nilipoteza siku mbili kabla sijatambua kwamba kosa ni langu.)

Na sifuri hapa haihitaji hotuba. Mia tatu na tano: komwe tatu kushoto, shimo la kati tupu, komwe tano kulia. Shimo lipo, halina kitu, wala huwezi kulifukia, maana ukilifukia zile mia zitakuwa makumi. Ndipo mtoto aandike chini ya kila shimo tarakimu yake, na chini ya shimo tupu aandike 0. Kwa njia hii 3005 haiwezi kuandikwa kwa mashimo matatu. Itamtaka achimbe shimo la nne, naye mwenyewe atauliza la nini.

Yule mtoto wa machungwa nilimwita baada ya shule, tukachimba mashimo matano. Nikamwambia, "Weka elfu arobaini na nane za mama yako." Akakaa muda mrefu. Akaweka komwe nne katika shimo la kushoto kabisa, akashika zile nane mkononi, akapeleka mkono kulia, akaurudisha, akaziweka katika shimo la maelfu. Kisha nikamwambia aonyeshe ile aliyoiandika katika karatasi. Akazihamisha zile nane mpaka shimo la mwisho, akazitazama, akasema, "Kumbe, Mwalimu, nilizitupa huku." Ilichukua muda usiotimiza saa moja. Nilikuwa na miaka minne ya kumfundisha jambo hilo.

Sina budi kusema pia juu ya neno "kukopa". Twaandika 52 kutoa 27, nasi twawaambia: mbili kutoa saba haiwezekani, kopa moja kwa jirani. Watoto huimba hivyo katika shule zote. Lakini hapa nani amekopa? Deni hili hulipwa lini? Na kwa nini aliyekopa moja amepata kumi? Nyumbani twawaonya watoto kwamba anayekopa sharti arudishe, shuleni twawafundisha mkopo usiorudishwa kamwe. Kweli yake ni nyepesi kuliko wimbo: una mafungu matano na vijiti viwili, wataka kutoa vijiti saba, fungua fungu moja. Sasa una mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Toa saba, vimebaki vitano, toa mafungu mawili, yamebaki mawili, ni 25. Hakuna aliyekopa. Mtu amefungua mzigo wake mwenyewe.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba watoto ni wengi. Ni kweli; tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yetu huku Tanzania yamejaa, nami nimefundisha watoto walioketi sakafuni mpaka mlangoni. Lakini vitabu ndivyo visivyotosha watoto wengi, mabua yatosha. Watoto tisini wakileta kila mmoja vijiti ishirini, mna vijiti elfu moja na mia nane darasani, wala hapana aliyetumia shilingi.

La pili ni kwamba muhtasari watukimbiza. Mtaala ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili uliweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu, na wengine wakafahamu kwamba kuhesabu ni kufika mbali upesi. Mwalimu ajivunia kwamba watoto wake wamefika 999. Wamefikaje? Mtu anayesafiri usiku ndani ya gari lililofungwa madirisha naye amefika, ila mwulize njia.

La tatu ni la wazazi, nao huja mpaka uani kwetu wakiwa wamefunga mikono kifuani: "Mwalimu, mtoto wangu nimemtuma kusoma, namwona anacheza bao." Kwenu ninyi nasema kwa heshima, Baba na Mama: mliponiletea mtoto anayeimba moja hata mia, mlidhani anajua mia. Alijua wimbo. Mtoto huyo huyo ukimwambia aanze saba arudi nyuma, hunyamaza.

Wengine husema kwamba mtoto wa siku hizi hujifunza dukani, kwa kuwa hutumwa na noti za elfu tangu udogo wake. Dukani hujifunza mengi, nami sikatai. Lakini noti ya elfu haina ukubwa wa sarafu kumi za mia, wala huwezi kuifungua ukazikuta ndani. Mtoto huijua kwa rangi na kwa sura, kama anavyomjua mbuzi wa jirani. Fedha ifuate nyuma ya mafungu. Ikitangulia, yafundisha imani tu.

Tena nina ombi kwa wote waandikao karatasi za madeni, hata kabla watoto hawajafunzwa upya. Andikeni tarakimu pamoja na kituo kinachotenga maelfu, 48,000. Na mkiandika kwa maneno msiandike "elfu arobaini na nane", maana maneno hayo yana milango miwili. Andikeni "arobaini na nane elfu", na hapo mchuuzi hatapata pa kupita.

Mwalimu atakayetaka kunijibu katika gazeti hili, namkaribisha. Namwomba tu kwamba kwanza achukue vijiti 26 darasani kwake, aweke kidole juu ya ile 2, atutajie ni watoto wangapi waliotenga ishirini.